Kuya Nikumeze

Mama yangu alikuwa na neno moja kwa mtoto wangu: "Kuya nikumeze." Njoo nikumeze. Alilisema kila asubuhi, ameinama mbele ya mlango wa jiko lake, kikwembe cha kumbebea mkononi, na katoto kanatoka mbio nyumba kubwa, kanajitupa mgongoni mwake, kanacheka mpaka kwikwi. Kwao mama, huko Ntoto upande wa Walikale, wamama wazee wanasema hivyo kwa mtoto wanayempenda. Mtoto ni mtamu, basi unatamani kummeza. Sijapata kusikia mtoto wa Ntoto aliyeogopa neno hilo. Wangu alikuwa wa kwanza, na aliyemfundisha woga ni baba yake mzazi, ndani ya hangari ya pareto, siku ya Mungu, Jumapili, mchana, mbele ya shamba zima.

Hasira yangu haijaisha. Inapungua nikiwa nacheka, halafu inarudi.

Tulikaa Masisi, juu, kwenye baridi, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la pareto la Mzungu mmoja. Bwana wangu alikuwa karani wa pale. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya masista, ile ya kufundisha wasichana kuwa monitrisi, yaani walimu, na asubuhi nilishuka misheni kufundisha watoto kusoma na kushona. Nilipojifungua, mama akapanda kutoka Ntoto kuja kunikandia tumbo na maji ya moto. Alisema atakaa mpaka kitovu kidondoke. Kitovu kilidondoka, meno yakaota, mtoto akatembea, akaanza kusema, na mama bado alikuwa pale, katika jiko la matete nyuma ya nyumba yetu, na hakuna aliyemuuliza anaondoka lini.

Lakini ukwe ni ukwe. Mkwe hamtazami mama mkwe wake usoni, hataji jina lake, hali mbele yake. Bwana wangu alisoma Kifaransa, alivaa kaptula iliyopigwa pasi, alipiga masini ya kuandika kwa vidole vyote, lakini jambo hilo hakulichezea. Akimwona mama anakuja njiani, anaingia majanini. Siku moja aliingia katika mfereji na viatu vyake alivyotoka kuvipaka rangi, akasimama humo maji yakimfika kwenye soksi, ameangalia mlima kama mtu anayengoja mlima umjibu. Mama naye alipita akiangalia upande wa pili, akanong'ona, "Hm-hm. Mukwe yangu iko na heshima. Lakini hana macho."

Walizungumza kupitia ukuta wa matete, tena kupitia mimi, na wote wawili waliniita mama. Ninyi wawili mko hatua mbili, ninyi wawili mna masikio, na mimi nasimama katikati kama simu.

"Mama, umuambie mukwe yangu bugali umeiva."

"Mama, umuambie mama mukwe, aksanti."

Nikiwa sipo, walimtumia mtoto. Mtoto akiwa amelala, niliwahi kumkuta mama anamtumia kuku: "Wewe kuku, umuambie mukwe yangu mvua inakuya, aingize nguo ndani." Na nguo ziliingizwa. Kwa hiyo katika miaka hiyo yote bwana wangu hakuwahi kuuona uso wa mama yangu. Alichokuwa nacho ni sauti yake tu. Mama hakuanza kusema kabla ya kusafisha koo, "hm-hm," kama mtu anayebisha hodi kwenye maneno yake mwenyewe. Asubuhi bwana wangu alinyoa ndevu huku akisikia, nyuma ya matete, "Hm-hm. Kuya nikumeze."

Sasa sinema. Jumapili moja kila baada ya muda, baada ya misa, Bwana wa shamba, yule Mzungu, alionyesha sinema kwa wafanyakazi katika hangari ya kukaushia maua ya pareto. Madirisha yalizibwa kwa magunia, shuka jeupe lilitundikwa katikati, masini ikawekwa juu ya kasha. Vumbi la pareto linaua wadudu, basi tulikaa humo tunapiga chafya, na viroboto wetu wanakufa. Watu walisema wanaenda sinema kupumzisha nguo.

Bwana wangu ndiye alikuwa mfasiri. Alisimama kando ya shuka na bomba la bati la kukuzia sauti mdomoni, akatuelezea. Filamu za kupewa sisi zilikuwa za mbu, za kuchimba choo, za kunawa mikono, na za Yesu. Mtu wa kawaida angetafsiri choo akaenda kulala. Bwana wangu, hapana. Yeye alimpa kila kiumbe sauti ya mtu tunayemjua. Mbu alisema kwa sauti ya kapita, mnyapara wa shamba: "Amka! Amka! Uko nalala mpaka saa gani?" halafu anauma. Inzi wa chooni alikuwa na sauti ya mpishi wa Bwana. Watu walilia kwa kucheka, hata kapita, hata mpishi. Na mimi nilicheka. Nilikuwa najivuna naye, nisiseme uongo. Nilikaa kwenye ubao wa mbele na mtoto mapajani, na nikamwambia kila aliyekuwa karibu kwamba yule ni wetu.

Jumapili ile filamu ya mbu ilikatika. Bwana akaiunga, ikakatika tena. Watu wamekwisha kukaa, wengine wametembea kutoka mashamba ya mbali. Akaenda nyumbani kwake akaleta boksi lingine, filamu ya kwao, wanayoangalia wazungu wenyewe kwa wenyewe jioni wakinywa. Ya kutisha. Nafikiri alitaka kuona kama tutaogopa.

Filamu ilisema ni Afrika. Nilisikia kwa Kifaransa, wazi kabisa: Afrika. Watu wa Walikale waliokuwa mule ndani, watu wa msitu, walianza kutafuta mti wanaoujua. Hawakuuona. Kulikuwa na mti mmoja mweusi wenye kamba zinazoning'inia, na watu wa filamu walipokimbia walipita mbele ya mti huo, wakapita tena, wakapita tena. Mara ya nne watu wa nyuma wakaanza kuusalimia: "Jambo, muti! Uko pale pale?"

Ndani yake kulikuwa na mwanamke wa kizungu aliyevaa nguo nyeupe ya kulalia na viatu vya kisigino kirefu. Kazi yake ilikuwa kupiga kelele na kuanguka. Aliona nyoka, akaanguka. Aliona kinyago, akaanguka. Aliona mtu mweusi amesimama tu, hajafanya kitu, akaanguka kabisa kabisa, mkono juu ya paji la uso. Karibu nami alikaa jirani yetu, mama mmoja wa watu wa ng'ombe, aliyetuuzia maziwa. Akaniinamia.

"Mama Monitrisi, huyu muke anakulaka?"

"Anakula, mama."

"Haiwezekani. Ngombe yangu ikianguka vile, namuita veterineri."

Huyo mtu mweusi, bwana wangu alimwita muzimu, kwa sababu Kifaransa kilisema ni maiti anayetembea, na yeye hakupata neno lingine. Alikuwa kifua wazi, macho yametolewa nje, anatembea kama mtu aliyebeba mlango. Hakusema neno. Alimbeba yule mwanamke kwa mikono miwili akapita naye mbele ya ule mti wetu. Na wenzake walikuwa hivyo hivyo, weusi wote bubu, wanapiga ngoma kama mtu anayefukuza panya kwenye debe. Mkubwa wao, mwenye manyoya kichwani, ndiye peke yake aliyekuwa na maneno, na huyo nilimwangalia vizuri: nyuma ya masikio alikuwa mweupe. Walimchukua Mzungu wakampaka masizi. Maana yake, ili mweusi aseme kitu mule ndani, ilibidi awe mweupe chini. Nikamwonyesha mama wa maziwa. Akacheka, "Hakuoga vizuri." Mimi sikucheka.

Halafu akatokea mama mzee.

Huyu alikuwa mweusi kweli. Mnene, kitambaa kichwani, jasho usoni, amekaa mbele ya chungu anakoroga na mwiko. Katika filamu nzima ndiye mtu wa kwanza aliyefanana na mtu. Angeweza kuwa shangazi wa yeyote kati yetu. Hangari ilinyamaza kidogo, kwa sababu tulimtambua. Yule mwanamke mweupe alikuwa kitandani, amefungwa, na mama mzee alikoroga, akamtazama, akacheka. Basi. Filamu haikumpa hata neno moja. Nasikia Kifaransa, nilikuwa natega sikio: hakuna.

Lakini bomba lilikuwa mdomoni mwa bwana wangu, na watu walikuwa wanamwangalia. Nikamsikia anasafisha koo.

"Hm-hm," likasema bomba. "Kuya nikumeze."

Hangari ilipasuka. Shamba zima lilikuwa limemsikia mama yangu akisema hivyo njiani, kisimani, kwa mtoto wangu na kwa watoto wao. Wakapiga mbao, wakapiga chafya, wakaanguka mmoja juu ya mwingine. Bwana wangu akapata moto. Kila mama mzee alipokoroga, "Hm-hm, mutoto mutamu, kuya nikumeze." Kisu kikatolewa: "Kuya nikumeze." Kwenye shuka uso wa yule mama ukawa mkubwa, ukajaa shuka lote, meno na macho. "Hm-hm."

Mtoto wangu hakulia. Alikuwa amekaa wima mapajani mwangu, mgumu kama kuni. Nikahisi kikwembe changu kinalowa.

Kesho yake asubuhi mama aliinama mbele ya jiko kama kila siku, mgongo tayari. Yeye hakuwa amekwenda hangari, hakupenda vumbi lile. "Hm-hm," akasema. "Kuya nikumeze."

Mtoto alipiga kelele ambayo sijaisikia tena. Akaingia chini ya kitanda chetu, akashika mguu wa kitanda kwa mikono miwili, na nilipojaribu kumtoa akaning'ata. Mama alibaki vile vile ameinama, kikwembe mkononi, akingoja. Halafu akanyooka polepole, akakikunja kikwembe mara mbili, mara nne, mpaka kikawa kidogo sana.

Siku hiyo nilikwenda darasani na mtoto. Na siku iliyofuata. Akimwona mama uani anajificha nyuma ya miguu yangu. Mama akimwekea ndizi ya kuchoma, haigusi. Watoto wa nyumba za jirani nao walikuwa wanapita nyuma ya matete wakifanya "hm-hm" wakikimbia. Siku ya tatu mama akaniita jikoni.

"Mutoto alionaka nini kule?"

Nikamwambia. Nilimwambia mti, muzimu, mwanamke wa kuanguka, chungu. Alisikiliza huku akimenya muhogo.

"Na ule mumama wa chungu, njo yeye alisema anameza batoto?"

"Hapana, mama. Hakusema kitu."

"Nani njo alisema?"

Nikaangalia upande wa nyumba. Kisu kikasimama katikati ya muhogo. Nyuma ya ukuta wa matete tulisikia viatu vya bwana wangu vinapita, vinasimama, vinarudi vilikotoka.

"Hm-hm," mama akasema, na safari hii sauti haikuja vizuri. "Kamyo ya mbao inashuka lini Mpofi?"

Kamyo ya mbao, yaani lori, ingeshuka siku ya pili baada ya Jumapili iliyofuata. Toka Mpofi angetembea na ndugu zake mpaka Ntoto. Akatoa kitunga chake cha safari darini, akakipangusa masizi.

"Mama, usiende kwa sababu ya sinema."

"Siendi kwa sababu ya sinema. Nyumba yenye mutoto ananikimbia, nafanya nini ndani? Nitakaa nakumeza wewe?"

Nilimkuta bwana wangu anakula. Nikaondoa sahani.

"Ulisema nini katika ile bomba?"

"Ilikuwa muchezo, mama. Bantu balicheka. Hata Bwana mwenyewe alicheka."

"Bwana anasikia Kiswahili cha Ntoto?"

"Hapana."

"Basi alicheka nini?"

Nikamwachia nafasi ya kufikiri. Nilitaka swali limfike. "Alicheka wewe," nikasema. "Vile unarukaruka."

"Mama Monitrisi, wewe uko na mudomo."

"Ninao. Ule mumama kwenye shuka hana. Balimunyima. Muke mweupe balimupa kazi ya kulia, mweusi hata kilio hapana. Na wewe, muntu wa kwetu, ukaona ile nafasi, ukaenda kuchukua neno ya mama yangu, ukaitia mule, kwa mudomo ya mulozi."

"Hakusema kitu! Njo shida yenyewe. Angesema, ningetafsiri. Hakusema, bantu bananiangalia. Ningefanya nini?"

"Kunyamaza."

"Kunyamaza? Na bomba mukononi?"

Ningempiga na ile sahani. Nilikuwa nimeinyanyua. "Na sauti," nikasema, "kwa nini sauti yake? Mbu alikuwa kapita. Inzi alikuwa mupishi. Ungeweka sauti ya mutu mwingine!"

Akaangalia mikono yake. Bwana wangu ni mtu wa kelele, akinong'ona ni lazima umsogelee.

"Sina sauti ingine ya mumama muzee," akasema. "Mama yangu alikufaka nikiwa mudogo, hata sikumbuke. Ile njo niko nayo."

Nikarudisha sahani. Sikumsamehe, nilirudisha sahani tu.

Asubuhi akatafuta kuku. Mkwe akivunja heshima analeta kuku au mbuzi, ndivyo inavyokuwa. Alileta jogoo mzuri, mwekundu, akasimama nyuma ya nyumba amegeukia ukuta, akanipa mimi nimpelekee. Mama alimpapasa jogoo kifua, akaona ana nyama. Akanirudishia.

"Umuambie mukwe yangu, aksanti. Lakini kuku haiko na mudomo ya kusema na bantu. Yeye alisema mbele ya bantu. Basi mbele ya bantu, anyamaze."

"Anyamaze tu, mama?"

"Anyamaze tu. Pale pa mumama wa chungu. Kwa bengine aseme anavyotaka. Na wewe uniletee mutoto pale."

"Mama! Pale alipoogopea?"

"Kamba inafunguliwa pale ilifungwa. Ao wewe unaifungua wapi?"

Filamu ilikuwa inarudi. Watu walikuwa wamekwenda kwa Bwana wakamwambia mbu wamemwelewa, sasa wanataka muzimu. Bwana alifurahi, akasema Jumapili. Mimi juma lile nilifundisha wasichana wangu kushona pindo, na kila sindano iliyoingia niliona uso wa yule mama mzee umejaa shuka. Kuna mtu alimwita atoke nyumbani kwake, akamkalisha mbele ya chungu, akamwambia cheka. Labda alikuwa na wajukuu. Labda alirudi kwake jioni akamwambia mmoja wao neno kama la mama yangu, kwa lugha ya huko. Hilo hawakulipiga picha. Kilichofika Masisi ni meno yake. Wasichana wakaniuliza kwa nini navuta uzi kwa nguvu, utakatika.

Jumapili ikafika. Hangari ilijaa mpaka watu wakakaa nyuma ya shuka, maana sinema inaonekana na kule pia, ila mkono wa kulia ni wa kushoto. Mama alikwenda kukaa huko nyuma na kigoda chake, kwa sababu mkwe wake alikuwa mbele. Hata kwenye vita heshima ni heshima. Mimi nilikaa ubao wa mbele. Mtoto nilimfunga kifuani, si mgongoni, uso wake shingoni mwangu. Nilimwambia, "Ukitaka tutoke, unibane." Alinibana kabla masini haijawashwa.

Bwana wangu alifanya kazi yake. Mti ulisalimiwa. Mwanamke alianguka. Mama wa maziwa akasema, "Bado hajakula." Muzimu akapita na mlango wake usioonekana. Nilikuwa namwangalia bwana wangu tu, jasho linamtoka chini ya masikio, bomba linapanda na kushuka.

Akatokea mama mzee na chungu.

Watu walianza kucheka kabla ya wakati, wamejiandaa. Bwana wangu akateremsha bomba. Akaliweka chini, pembeni ya mguu. Akasimama mikono nyuma kama mtoto wa shule.

"Sema!" wakapiga kelele. "Karani, sema!"

Hakusema.

"Bomba iko imekufa?"

"Karani, umemezwa wewe?"

Hakusema. Ninamjua mtu huyo: kunyamaza mbele ya watu kwake ni kama kuvuliwa nguo. Kelele zikapungua, zikaisha, na kwa mara ya kwanza hangari ikasikia kile filamu ilikuwa nacho chenyewe. Mwiko unagonga chungu. Kicheko cha yule mama, chembamba, cha kuchoka. Hakikutisha. Kilikuwa kama kicheko cha mtu aliyeambiwa acheke tena.

Na kutoka ndani ya shuka, kutoka kifuani mwa yule mama mzee, sauti ikatoka.

"Hm-hm."

Mtoto aliinua kichwa shingoni mwangu.

"Munanichekea nini? Niko napika." Mama yangu hakuhitaji bomba. Anaita watu ng'ambo ya mto huko kwao. "Tangu asubuhi niko napika, hakuna mwenye ananisalimia. Jambo yenu ninyi wote."

"Jambo, mama!" ikajibu hangari, watu wote pamoja, kabla hawajajua wanafanya nini.

"Jambo. Sasa huyu mutoto wa benyewe, mwenye alimufunga ni nani? Muangalie mikono yake. Analia tangu juzi, hakuna mwenye anamupa hata kiazi. Na viatu iko navyo kitandani. Hm-hm! Mama yake iko wapi?" Kwenye shuka mama mzee aligeuka kumtazama yule mwanamke mweupe, kama ilivyokuwa katika filamu, na uso ukaanza kuwa mkubwa, na nikahisi mtoto anashika pumzi. Sauti ikashuka, ikawa ile ya mlangoni, ile ya asubuhi. "Nyamaza, mama. Usilie. Uko mutamu. Kuya. Kuya nikumeze."

Hakuna aliyecheka. Mama wa maziwa akasema kwa sauti ndogo, "Ee, umubebe."

Mtoto akaanza kujitoa kwenye kikwembe. Nilifikiri anataka kukimbia mlangoni, nikamshika, akanipiga teke la tumbo akateremka. Hakwenda mlangoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye shuka, kwenye ule uso mkubwa, akasimama chini ya kidevu chake. Kivuli chake kilikuwa kidogo, cheusi, katikati ya mdomo. Akatazama juu. Halafu akainama, akainua pindo la shuka, akaingia.

Tukaona kitu kinatembea nyuma ya kitambaa. Picha ilikuwa imehamia kwa yule mwanamke mweupe, na shavu lake lilivimba kama mtu mwenye jino bovu, likashuka, likavimba upande mwingine. Halafu kigoda kilianguka, na sauti ya mama yangu ikasema, si kwa watu, "Hm," mara moja tu, kama mtu aliyepigwa kifuani na kitu kizito.

Baada ya hapo hangari haikuwa ya sinema tena. Watu walisimama, walipiga makofi, walipiga chafya. Bwana wa shamba aliuliza kwa Kifaransa yule mwanamke mzee amesema nini. Bwana wangu akamjibu, kwa Kifaransa kizuri kabisa, kwamba hakuna kitu, alikuwa anasalimia. Nilipopita nyuma ya shuka nilimkuta mtoto amekwisha kufungwa mgongoni, shavu limelala, kidole mdomoni. Akaniangalia kama jirani.

Njiani wakati wa kurudi nilitembea nyuma yao. Nikamsikia mtoto anasema kitu kwenye mgongo wa bibi, koko wake.

"Nini?" mama akauliza.

"Unimeze kidogo."

"Kidogo tu?"

"Mukono."

Basi mama akageuza kichwa, akamla mkono.

Sasa mtu atafikiri mama alirudisha kitunga darini. Hajui wamama wa Ntoto. Mama alikuwa amesema atapanda kamyo ya mbao, na neno lake lilikuwa limefika mpaka kwa dereva. Siku ya pili alipanda. Na mtoto wangu akapanda naye, mgongoni, amevaa sweta mbili. Nilikataa. Nilikataa kwa mdomo wangu wote, na ninao. Mama akaniambia ndizi za Ntoto zimeiva, na mtoto anapaswa kuona msitu wenye miti zaidi ya mmoja. Ningesema nini?

Bwana wangu alikuja kuwaaga. Alisimama kando ya barabara, ndani ya majani yenye umande, amegeukia mlima, mkono mmoja umeinuliwa. Kamyo ikawaka. Kutoka juu ya mbao tukasikia, "Hm-hm. Mama, umuambie mukwe yangu, ile sauti aichunge vizuri. Asiazime bantu."

"Amesikia, mama. Iko hapa."

"Umuambie."

Nikageuka, nikamwambia. Akauitikia mlima kwa kichwa.

Nyumba ilikuwa kimya vibaya. Nilipika kwenye jiko la mama kwa sababu moto wake unashika upesi, na nilipika nikiwa na hasira: na Bwana na boksi lake, na waliompaka yule mtu masizi, na waliomkalisha yule mama mbele ya chungu, na mama yangu aliyeniibia mtoto mbele ya macho yangu, na zaidi ya wote yule aliyekuwa ng'ambo ya matete, anatafuta taa bila kuipata, hasemi neno tangu asubuhi. Nikamsikia anasimama karibu na ukuta. Halafu, polepole sana, kama mtu anayepapasa kama kitu bado kipo:

"Hm-hm."

Nilimtupia mwiko, ukagonga matete. Halafu nikamwambia aseme tena.